Sura ya Saba: Fungate ya Rothenburg

Khairunissa alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Pale pale mlangoni, Bosibori hata koti hajavua, theluji ya mwisho wa Machi bado inamyeyukia viatuni, mama huyo wa Naushad alichukua kipande cha barfi kwenye sinia, akakiinua mpaka midomoni mwake.

"Fungua, binti. Leo hakuna anayeingia nyumba hii bila utamu mdomoni."

Bosibori akafungua. Maziwa, lozi, iliki. Alitafuna polepole, maana moyo ulimwenda mbio hata akaogopa kupaliwa.

Naushad ndiye aliyemwambia habari za mkono huo. Walikuwa ndani ya gari lake, chini ya ghorofa anakopanga Bosibori kule Kingsview Village, ndege zikipita juu ya paa kwenda kutua. Alikuwa akimchezea vidole. "Kwetu," alisema, "mama akimlisha msichana utamu kwa mkono wake, basi, maneno yamekwisha. Huyo ni wa nyumba." Tangu siku ile Bosibori aliuota mkono asioujua. Alipendwa miaka miwili ndani ya gari. Alipendwa kwenye ofisi ya safari ya Naushad ikishafungwa, na kwenye mikahawa ya mbali ambako jamaa zake Naushad wasingepita. Hakuwahi kuletwa huku Markham, nyumbani kwao. Juzi Naushad alipompigia na kusema, "Mami anakualika Jumapili, anataka usimulie ule mji wako wa Ujerumani," Bosibori alikaa kitandani na kulia kwa furaha. Aliona mji ni kisingizio tu. Mama alitaka kumwona.

Na sasa amelishwa.

Sebuleni Naushad alikuwa amesimama karibu na runinga, mikono mifukoni. Hakumjia. Alimtazama mara moja, akatazama zulia.

"Karibu, Bosibori," alisema, kwa sauti anayowakaribishia wateja.

Msichana mmoja aliinuka kwenye kochi. Alikuwa mwembamba, nywele amezikata mpaka shingoni, macho yake makubwa na matulivu.

"Na huyu ndiye Zara," alisema Khairunissa, akimshika Bosibori kiwiko kama rafiki wa siku nyingi. "Barfi uliyokula ni yake. Yake na Naushad. Jana tumemaliza maneno na wazazi wake. Mpongeze mwenzio."

Bosibori alitamani kuitema. Lakini alikuwa ameshameza, na utamu ulikuwa umebaki kwenye magego, haukutaka kutoka.

"Hongera," alisema kwa Kiingereza.

"Asante," alijibu Zara, kwa Kiingereza pia, akampa mkono. Ulikuwa mkono wenye joto.

Mezani Khairunissa alimweka Bosibori kiti cha kumwelekea. "Kaa hapa nikuone vizuri," alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha Kisumu alikozaliwa, chepesi, kisichokwama popote. Alimjazia sahani wali na kuku wa kupaka. "Naushad anasema mji ule unaujua kama jikoni kwako."

"Niliishi kule mwaka mmoja, anti. Kabla sijaja kusomea uuguzi hapa. Nililea watoto wa familia moja."

"Aa, yaya!" Uso wa Khairunissa ulichanua. "Mimi nililelewa na yaya wa kwenu, Kisii. Mtu mzuri sana. Miaka yote aliyokaa kwetu, hakuwahi kukalia kiti."

Alisema hivyo akimwongezea mchuzi.

Zara aliinua uso. "Anasema nini?" alimwuliza Naushad kwa Kiingereza.

Naushad alifuta midomo. "Mami anasema alilelewa na mtu wa kwao Bosibori. Anasema walipendana sana."

"Vizuri sana," alisema Zara.

Bosibori alimtazama Naushad. Yule mtu alikuwa anakata nyama ya kuku vipande vidogo vidogo, kama anayemkatia mtoto.

"Fungate yao mwezi wa Sita," aliendelea Khairunissa. "Rothenburg. Nilimwuliza Naushad, baba, utampeleka wapi mkeo? Nikadhani atasema Paris, Dubai, kama wenzake. Akaanza kunitajia minara, malango, nyumba gani iko njia panda gani. Nikajiambia, huyu mwanangu amefundishwa. Nikasema, basi mlete huyo mwalimu."

"Naushad alichagua mwenyewe?" aliuliza Bosibori, naye kwa Kiswahili.

"Mwenyewe! Hakusukumwa na mtu."

Basi anajua, Bosibori alifikiri. Mama anajua kila kitu, na ameniita nimsimulie mke wa mwanawe mji aliotakiwa kunipeleka mimi. Angeweza kuinuka. Koti lilikuwa pale kwenye ndoano, mlango ulikuwa wazi, miguu ilikuwa yake. Lakini alimtazama tena Naushad, yale mabega aliyoyalalia, akaona koo lake likipanda na kushuka. Anajikaza, alifikiri. Anatafuta pa kuanzia. Bosibori alitaka neno moja tu. Naushad aseme mbele ya meza hii kile alichokuwa akimnong'oneza ndani ya gari, kwamba huyu ni wangu. Akisema hilo, mengine yote yangesameheka, hata barfi.

Akaamua kumpa muda. Mji ule una mengi. Angeusimulia mpaka mwisho, na kabla haujaisha, Naushad angekuwa amesema.

"Tafadhali, niambie yote," Zara alisema kwa Kiingereza. "Alinionyesha picha ya ile nyumba ya manjano penye njia panda. Plönlein. Nimelitamka sawa?"

"Sawa kabisa," alisema Bosibori. Neno lile yeye ndiye aliyemfundisha Naushad kwa kidole, akimkunja midomo mpaka wakacheka. "Nyumba yenyewe ni nyembamba, imeinama kidogo. Njia moja inapanda kwenda mnara mmoja, nyingine inashuka kwenda mnara mwingine. Watu wote hupigia picha pale."

"Na ukuta?"

"Ukuta umeuzunguka mji mzima wa zamani. Unapanda ngazi za mawe, unatembea juu yake chini ya paa la mbao. Mkono mmoja una matundu waliyotumia kuwapigia maadui, mkono wa pili unaona mapaa mekundu na bustani za watu, nguo zimeanikwa. Vita vya mwisho vya dunia vilipokaribia kwisha, mabomu yaliuangusha upande mmoja. Watu wa kila nchi wakachangia kuujenga upya, na kila aliyechangia jina lake limechongwa kwenye jiwe ukutani. Unatembea unasoma majina."

"Naushad anataka tuweke letu!" alisema Zara. "Jina langu na lake, jiwe moja."

Kijiko cha Bosibori kilisimama hewani. Jiwe hilo lilikuwa na majina mengine. Yeye na Naushad walishabishana nani atangulie.

"Wazo zuri," alisema. "Alilifikiria kwa muda mrefu, bila shaka."

Naushad alikunywa maji.

"Mwambie habari za yule meya," alisema, akitazama glasi. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwa Bosibori tangu waketi.

"Ni hadithi tu, wenyeji wenyewe wanajua. Karibu miaka mia nne iliyopita jenerali mmoja aliuteka mji akataka kuuchoma. Wakamletea divai kwenye kopo kubwa. Akasema, akitokea mtu wa kulimaliza kopo hilo kwa pumzi moja, mji utapona. Meya mmoja mzee akasogea mbele, akalimaliza lote. Mpaka leo, saa ya uwanjani ikigonga, vidirisha vinafunguka na sanamu yake inainua kopo."

"Mlevi ndiye aliyewaokoa?" Khairunissa alisema kwa Kiswahili, akicheka. "Basi kwenu hamna wasiwasi, waokoaji mnao tele."

"Anasema nini?" aliuliza Zara.

"Mami amependa hadithi," alisema Naushad.

Safari hii Bosibori alisubiri macho yake mpaka akayapata. Hayakuwa macho ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Yalikuwa yanamwomba, na alichoomba ni kwamba anyamaze.

Lakini tumaini lina ukaidi wake, na mji ulikuwa haujaisha.

"Unajua kwa nini umebaki vile vile tangu enzi hizo?" alimwambia Zara. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Wageni wanafikiri watu wa pale walipenda sana mambo ya kale. Si hivyo. Baada ya vita vya jenerali yule na tauni walifilisika. Hakuna aliyeweza kubomoa nyumba ya zamani ajenge mpya. Unachokwenda kukipiga picha ni ufukara uliosahauliwa mahali pake miaka mingi, mpaka watu wakauona mzuri."

"Ufukara nao una uzuri wake," alisema Khairunissa, akimega mkate, "ukijua kukaa mahali pake."

Zara alimtazama Naushad. Naushad hakungoja kuulizwa. "Mami anasema ni kweli."

"Na kanisani," alisema Bosibori, "mpeleke kwanza ghorofani, Naushad, usianze na duka la keki." Alisahau kujifanya mgeni kwake, aliliita jina lile jinsi alivyozoea. "Juu kule kuna madhabahu ya mbao. Karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake. Wachongaji wengine humweka Yesu katikati. Huyu alimweka Yuda. Amesimama katikati ya meza na mfuko wake mkononi, na Yesu anamnyooshea tonge. Anamlisha, Zara. Anajua yote na anamlisha."

Khairunissa aliacha kumega mkate.

"Nilikuwa nakwenda kumtazama siku zangu za mapumziko. Mwanzo nilimwogopa. Halafu mtu wa kanisa akaniambia kwamba Yuda yule hakuchongwa pamoja na wenzake. Anatoka. Wanaweza kumwondoa pale katikati wakamweka kando."

"Na meza je?" aliuliza Zara.

"Meza haipungukiwi kitu. Unaona vizuri zaidi waliokuwa nyuma yake."

Uma wa Naushad uligonga sahani. Sasa, alifikiri Bosibori. Sasa hivi. Mji umekwisha, mpenzi, sina mnara mwingine. Sema.

Naushad aliinua uso. Alimtazama mama yake, akamtazama Zara, akamtazama yeye.

"Asante sana, Bosibori," alisema. "Umetusaidia mno."

Kitu kilichokuwa kimeinama ndani ya Bosibori kwa miaka miwili kilinyooka, na kunyooka kwake kukamwuma.

Alibeba sahani mpaka jikoni, kwa sababu alihitaji kitu cha kushika. Khairunissa alimfuata, akafunga mlango, akaanza kupakua mabaki ya kuku kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko.

"Utachukua hiki. Kazi yenu ya zamu, mnarudi nyumbani hakuna cha kula."

"Ulinilisha kusudi," alisema Bosibori.

"Ndiyo."

Hakuacha kupakua.

"Ulijua aliniambia nini kuhusu mkono wako."

"Marehemu baba yake aliniambia mimi maneno hayo hayo, na gari lilikuwa hilo hilo la kujificha, isipokuwa sisi tulijificha Kisumu." Alibana kifuniko mpaka kikalia. "Mimi mama mkwe alinilisha kweli. Wewe nilijua ungefikiri nini ukionja. Nilitaka ufikiri hivyo, binti, kisha ujue. Ningekufungia mlango tu, ungeendelea kungoja nje mpaka uote mvi. Sasa hutangoja."

"Ungeweza kuniambia."

"Ungenisikia?"

Bosibori alitazama mlango uliofungwa.

"Sina ubaya na wewe. Una adabu, una kazi, na unasimulia vizuri. Lakini dini yako si yetu na watu wako si wetu, na mimi nina mtoto mmoja." Alimwekea bakuli mikononi kwa upole uliokata kuliko kisu. "Usilie humu. Zara atasikia."

Bosibori aliliacha bakuli juu ya meza, akavaa koti, akatoka nje bila kuaga.

Naushad alimfikia kwenye maegesho, kati ya gari lake na la Zara. Hakuwa na koti. Alikuwa anatetemeka, na Bosibori alijichukia kwa kutaka kumfunika.

"Nisikilize," alisema Naushad. "Hii harusi ni ya wazee. Imepangwa na wao, itachezwa na wao. Wewe na mimi—"

"Wewe na mimi nini?"

"Hakuna kitakachobadilika."

"Yaani turudi ndani ya gari."

Naushad alikunja mikono kifuani. Hata aibu hakuona. Alionekana kama mtu aliyetoa zawadi ikakataliwa.

"Umempa mji wangu, Naushad."

"Ni mji wa Wajerumani, Bosibori."

Bosibori alicheka. Hakujua kama alikuwa na kicheko kilichobaki. "Umempa na jiwe letu."

"Mami aliniuliza fungate wapi, nikajikuta nimeshataja. Ni mahali pekee ninapopajua kwa moyo. Nilipajua kwa sababu yako! Huoni kwamba hiyo ni... hiyo nayo ni kukupenda?"

"Naona. Ndiyo maana nakuchukia." Alisogea mpaka pumzi zao zikagusana kwenye baridi. "Mama yako ni mkatili, lakini alinifuata jikoni akaniambia usoni. Wewe ulikaa pale unageuza matusi yake kuwa shukrani. Mwanamume mbaya ningeweza kumlilia. Wewe hata ubaya wako ni wa kuazima."

"Ulitaka nifanye nini? Nimvunjie mama yangu heshima mbele ya mgeni?"

"Mgeni yupi? Mimi au Zara?"

"Zara si mgeni," alisema Naushad haraka, kisha akasikia alichosema.

"Umesahau bakuli lako, dada."

Waligeuka. Zara alikuwa ameshuka ngazi za mbele, bakuli la kuku mikononi, na alichokisema alikisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha bara, kilichopangwa vizuri, kisicho na haraka.

Uso wa Naushad ulipoteza rangi.

"Bibi yangu alikuwa mtu wa Iringa," Zara alisema. "Kiingereza hakikuwahi kumwingia. Alinilea tangu nikiwa mchanga mpaka alipofariki. Mlidhani tulikuwa tunaongea kwa ishara?"

"Zara," alisema Naushad, "mimi nilikuwa tu—"

"Ulikuwa unatafsiri. Nilisikia." Hakupandisha sauti. Alimgeukia Bosibori. "Samahani kwa kuuliza uliza vile mezani. Mara ya kwanza niliuliza kwa adabu tu, nimjibu Anti Khairun kwa tabasamu. Mara ya pili nilitaka kuona kama atarudia."

Bosibori alihisi hasira yake ikimtoka mikononi bila pa kwenda. "Na jiwe? Ulisema habari za jiwe ukijua?"

"La jiwe sikujua. Nilipoliona jicho lako ndipo nikajua." Akalishusha bakuli juu ya boneti ya gari. "Kiswahili nimekiacha nyumbani kwa bibi. Hapa watu wakijua unaelewa, wanaacha kusema mambo ya kweli mbele yako."

"Bado utaolewa naye?"

Zara alimtazama Naushad, yale macho makubwa matulivu yakampima kuanzia kichwani hadi viatuni, bila chuki, kama mfamasia anayesoma tarehe kwenye chupa.

"Funguo unazo mfukoni," alimwambia. "Dada anakaa mbali, na Jumapili mabasi ya huku ni ya kusubiri. Mpeleke. Ukitoka naye sasa sitapiga kelele wala sitamwambia mama yako neno. Nitarudi ndani, nitavaa viatu vyangu, nitakwenda kwetu, nawe utakuwa umechagua. Ukibaki, nayo sawa. Lakini chagua mwenyewe. Wewe tu, hapa hapa."

Naushad alitoa funguo. Alimtazama Bosibori, na katika macho yake Bosibori aliyaona yote aliyowahi kuyapenda. Yalikuwepo, ya kweli. Kwa pumzi moja alisimama tena mlangoni pa tumaini, akajidharau, akasimama hivyo hivyo. Njoo, alisema moyoni. Hata sasa. Hata baada ya yote.

Naushad akageuza kichwa. Alitazama juu, kwenye dirisha la ghorofani. Khairunissa alikuwa amesimama pale, pazia mkononi. Hakutikisa kichwa, hakuashiria kitu. Alitazama tu. Na mwanawe, mtu mzima mwenye ofisi yake na gari lake, alibaki amemtazama, midomo imefunguka kidogo, anangoja.

Wanawake wawili walimwona. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake.

"Pole," Bosibori alimwambia Zara.

"Pole ya nini?" Zara alizichukua funguo vidoleni mwa Naushad, bila haraka, naye akaziachia. "Mimi nilikuwa naogopa nimeletewa mwanamume mwenye moyo mahali pengine. Moyo wa mtu huuwezi. Huyu anayengoja dirisha, namweza." Aliinua uso akampungia mkono Khairunissa dirishani, akatabasamu, na Khairunissa akatabasamu pia.

"Mama hataishi milele, dada," alisema Zara bila kuacha kutabasamu. "Siku moja dirisha lile litakuwa langu."

Bosibori alifunga vifungo vya koti, akashika njia ya kwenda kituo cha basi. Hakuna aliyemwita.